Mlango wa Mkwe

Wenceslaus Masele alikuwa seremala, na mtu akikuambia kwamba seremala hawezi kuhangaika na nyumba, mjibu kwamba hakumjua Wenceslaus. Mwaka ule, wa tatu tangu vita vya Hitla viishe, alizunguka Tabora wiki tatu nzima akitafuta mahali pa kupanga, na kila alipokaribishwa alikuwa na swali moja la kwanza. Hakuuliza bei. Hakuuliza kama paa linavuja, wala kama majirani ni walevi. Aliingia, akaenda moja kwa moja mpaka ukuta wa nyuma, akaugonga kwa vidole kama anayepima ubao wa mninga, kisha akamgeukia mwenye nyumba na kumwuliza, "Hakuna mlango mwingine?"

Sasa, sisi watu wa Tabora tumepungukiwa na mengi, lakini kudhania hatujapungukiwa. Wakati ule wa Mwingereza, mtu aliyetaka nyumba yenye mlango wa nyuma alikuwa mtu wa namna moja tu: mkwepa kodi ya kichwa. Askari akipiga hodi mbele, yeye anatokea nyuma na kuyeyukia vichochoroni. Kabla wiki ya kwanza haijaisha, mtaa mzima wa Kanyenye ulikuwa na habari kwamba yuko fundi kutoka Puge, mrefu, mpole wa sura, ana mke mjamzito na binti mdogo, lakini jihadharini naye, ana madeni na serikali. Wenye vyumba wakaanza kumwambia vimeshachukuliwa, hata vile vilivyokaa tupu tangu masika yaliyopita.

Maskini Wenceslaus hakuwa akimkimbia askari. Alikuwa akimkimbia mama mkwe wake, na usicheke, maana alimkimbia kwa heshima.

Kwa Wanyamwezi wa siku zile, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani. Akimwona anakuja njiani, ataingia porini hata kama pori lenyewe ni miiba mitupu, na atageuza mgongo mpaka mama wa watu apite. Hali chakula mbele yake. Halali naye chini ya paa moja. Hata jina lake halitamki. Katika miaka saba ya ndoa, Wenceslaus alimfahamu mama yake Josepha kwa mgongo na kwa sauti, basi. Mapadri walikuwa wamehubiri mara nyingi kwamba Mkristo hana haja ya kujificha vichakani. Watu waliitikia "Ndiyo, baba," wakatoka kanisani, na wakaendelea kuingia vichakani.

Kijijini jambo hilo lilikuwa rahisi. Kila boma lina vibanda vinne au vitano, mkwe akija anapewa chake upande wa pili, na mwenye nyumba anajifunza kukohoa kabla ya kukata kona. Lakini mjini! Mjini watu wanalala chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja. Mkwe utamweka wapi, darini?

Na kuja ilikuwa lazima aje. Josepha alikuwa na mimba ya miezi saba. Miaka miwili nyuma, walipokuwa bado Puge, alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Mvua ilikuwa imeziba njia, na mama yake, aliyekuwa akitokea Goweko, alifika siku ya tatu baada ya mazishi. Mama huyo, Katarina kwa jina la ubatizo, alikuwa amezalisha wanawake wa Goweko tangu ujana wake, na hakuwahi kumzalisha binti yake. Alikaa siku mbili kwenye kigoda nje ya kibanda alichopewa, kisha akarudi kwao.

Kwa hiyo Fundi Silasi wa Tabora alipomwita Wenceslaus katika karakana yake, na Wenceslaus akaja na mkewe, akifurahi kwa kazi hiyo nzuri, Josepha alisema mara moja tu, akiwa bado hajafungua mizigo. "Baba Flavia, mimi Tabora nimekuja. Lakini sitazaa bila mama. Ukipata mahali pa kumweka, nitazaa hapa. Usipopata, mwezi ujao napanda gari moshi narudi Goweko."

Na kurudi Goweko hakukuwa kurudi kwa wiki mbili. Mzee Ngollo, baba yake Josepha, alikuwa na sheria yake: binti akirudi kwake na mimba, hatoki mpaka mtoto atembee. Wenceslaus alihesabu. Angekaa peke yake mwaka na zaidi. Flavia, aliyekuwa na miaka mitano na aliyezoea kulala amemshika baba yake sikio, angesahau hata sikio lenyewe lilivyo. Na alimpenda Josepha, yule mtu. Alimpenda waziwazi mpaka wenzake wakamcheka. Hakutaka hata kuufikiria mwaka huo.

Utauliza, basi kwa nini hakuwaeleza wenye nyumba? Angewaelezaje? Mkwe hatajwi ovyo. Kusimama mbele ya mtu baki, mtu wa mjini, na kuanza kusema habari za mama mkwe wangu atalala wapi na ataoga wapi, Wenceslaus aliona ni afadhali aitwe mkwepa kodi.

Wakati huo walilala katika stoo ya mbao ya Silasi. Josepha alipiga chafya usiku kucha kwa vumbi la msumeno, na Flavia aliamka kila asubuhi na maranda kwenye nywele. Silasi alikuwa Mmoravian wa Sikonge, mtu wa mzaha, na alimpenda kijana wake.

"Wewe Mkatoliki," akamwambia Jumatatu moja, "nimekupatia mahali. Usinishukuru, nunua tu sukari."

Mahali penyewe palikuwa karibu na reli, vyumba vya safu, sakafu ya saruji, bati jipya linalong'aa, na bomba la maji hatua ishirini kutoka mlangoni. Josepha alilifungua lile bomba, akaacha maji yapite juu ya mkono wake, akalifunga, akalifungua tena. Alikuwa ameteka maji kisimani tangu akiwa na umri wa Flavia. Wenceslaus aliingia ndani, akaugonga ukuta wa nyuma, akatoka na uso umemshuka. Mlango ulikuwa mmoja, na jirani wa kulia na wa kushoto walibanana nao ukuta kwa ukuta.

"Twende," Josepha akasema mwenyewe, na hakuligeukia bomba.

Silasi alishika kiuno. "Twende wapi? Ebo! Watu wanapigania vyumba hivi!"

Wakaenda kutazama pembeni mwa mji, kwenye ile barabara ya zamani ya misafara, upande wa Kwihara. Huko walikuta kile walichokitaka hasa: vibanda viwili ndani ya boma moja, kimoja mashariki na kimoja magharibi, kila kimoja na njia yake. Wenceslaus alisisimka. Alikwisha kuona kwa macho ya moyo mkwe akiota moto upande ule na yeye akichonga upande huu, kila mtu na adabu yake. Akauliza kisima kiko wapi. Mwenye boma akanyoosha mkono, akaendelea kuunyoosha, na kisima hakikuonekana.

"Na hizi nyayo?" Josepha akauliza, akitazama chini.

"Ah, hizo ni za fisi. Fisi wa huku hawana neno, mama. Wanachukua mbuzi tu."

"Na watoto?" Flavia akauliza.

Mwenye boma akajikuna kisogo. Alikuwa mtu mkweli.

Njiani kurudi, Josepha alitembea mkono kiunoni, na jua lilikuwa kali. "Mama anakuja kunizalisha," akasema, "haji kuwinda fisi. Na wewe utakuwa kazini mchana kutwa. Uchungu ukinishika kisimani, nitamwita nani, mbuzi?"

Wenceslaus alitamani kucheka na alitamani kulia, akaishia kumbeba Flavia mabegani ili apate la kufanya.

Zikabaki wiki mbili kabla ya mwezi kwisha. Josepha alianza kuzikunja nguo za Flavia na kuzipanga ndani ya sanduku, taratibu, bila kusema kwa nini. Kila jioni Wenceslaus alikuta sanduku limepanda kidogo.

Ndipo wakafika kwa Mzee Shomari, kule kule Kanyenye, nyuma ya maduka. Mzee huyu alikuwa mshona kofia, mwenyeji wa mji tangu babu zake waliokuja na misafara, na alishinda barazani na sindano yake akisalimiwa na kila anayepita. Chumba alichokuwa nacho kilikuwa pembeni mwa nyumba, kikubwa, kimesiribwa vizuri, kina mlango wake wa kutokea kichochoroni. Wenceslaus alimsalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye yule fundi wa milango miwili?"

Wenceslaus akainamisha kichwa. Kumbe hata huku!

"Ingia uone," Shomari akasema, akamfuata nyuma na sindano mkononi. Wenceslaus akafanya yale yale. Akaenda ukuta wa nyuma, akaugonga.

"Huko nyuma ni ua wa dada yangu," mzee akasema. "Mlango hakuna. Kijana, hukufundishwa? Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani."

"Nimefundishwa, mzee. Lakini yangu mimi ni mlango."

"Aha. Basi nionyeshe karatasi yako ya kodi."

Wenceslaus akatoa karatasi mfukoni mwa koti. Zilikuwa tatu, za miaka mitatu, zimekunjwa pamoja na kufungwa uzi. Shomari alizipeleka nje kwenye mwanga, akazisoma moja moja, akatafuta kosa, hakuliona. Ilimchukiza kidogo. Mtu ukishamjua mwenzako kuwa ni mwovu, si vizuri kukuta karatasi zake ziko sawa.

"Kodi umelipa. Umeiba?"

"Hapana, mzee."

"Umemtoroka mke mwingine huko Puge?"

"Mzee!"

"Basi unamkimbia nani, wewe?"

Wenceslaus akafungua kinywa, akakifunga. Akatazama dari, akatazama kofia ya mzee. Josepha alikuwa amesimama mlangoni na tumbo lake, miguu imevimba, wiki tatu za kulala juu ya mbao zimemfika hapa. Akashindwa kuvumilia.

"Ni mama yangu!" akapaza sauti. "Mzee, nisamehe, ni mama yangu mzazi! Anakuja kunizalisha, na huyu ni mkwewe, hawawezi kuonana. Wa kwanza wa kiume alikufa kwa sababu mama hakuwahi. Sasa tunatafuta nyumba ambayo mama atakaa na mume wangu asimkute, na mji huu wote hauna nyumba hiyo, na mimi Jumamosi narudi Goweko!" Akaketi kizingitini na kulia kwa sauti, bila kujificha, na Flavia akalia kwa kumfuata.

Nyuma ya ukuta ule uliogongwa, mtu akaita.

"Kaka! We Shomari!"

"Labeka."

"Muulize huyo binti, mama yake anakunywa chai ya tangawizi?"

Haukupita muda akaingia Bi Mwanne, dada yake Shomari, mjane wa makamo, mnene, ushungi umekaa upande, na unga wa vitumbua mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amesikia yote, na hakujifanya kwamba hakusikia. Akamwinua Josepha kizingitini.

"Usikae hapo, mwanangu, utapata baridi ya mgongo. Nyinyi mnatafuta nyumba! Waarabu walisema zamani, jirani kwanza, nyumba baadaye. Mama yako atakaa kwangu. Nina vyumba vitatu na watu sina. Mabinti zangu mmoja yuko Kigoma, mmoja yuko Dar es Salaam, na mimi nimebaki kuzungumza na sufuria. Huyu mkwe wake akae humu kwa kaka, mamako akae kule, nyumba mbili, mapaa mawili. Umeridhika?"

Josepha akafuta macho. Kisha akauliza swali la mtu mwenye mimba. "Mlango wa nyumba yako uko wapi, mama?"

Mlango wa Mwanne ulikuwa barabara ya pili. Kutoka chumba hiki mpaka kwake ilibidi uzunguke maduka yote, upite mbele ya mashine ya kusaga na mbele ya wanaume wanaocheza bao.

"Mwenye uchungu hawezi kupita huko," akakubali.

"Basi tutoboe ukuta huu," Wenceslaus akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa shauri siku ile.

Shomari akaruka. "Astaghafirullahi! Mlango kutoka chumba cha mwanamume kijana mpaka ndani ya ua wa mjane? Watu wa Kanyenye watasema nini? Sisi tuna jina mji huu!"

Na alikuwa na haki. Hata Mwanne alijifunga ushungi vizuri na kutazama chini. Josepha akaanza kutafuta mkono wa Flavia ili waondoke. Lakini Wenceslaus alikuwa amekwisha kuugeukia ukuta na alikuwa akiupima kwa shubiri. Mambo ya wakwe yalimfunga ulimi, lakini hili lilikuwa jambo la mbao.

"Mzee," akasema bila kugeuka, "komeo litakuwa upande wa ua. Upande huu sitatia kitu. Wala kitasa, wala kamba, wala tundu la kuchungulia. Bawaba pia nitazificha kule. Mlango utafunguliwa na wanawake tu. Mimi mwenyewe, hata nikitaka, sitaweza kuufungua."

Shomari akafikiri. Akachoma sindano kwenye kofia, akaichomoa. "Hata ukitaka?"

"Hata nikitaka, mzee."

"Na mgeni akiondoka?"

"Nitauziba ukuta kwa udongo wangu mwenyewe, uwe kama ulivyokuwa."

Mzee akamtazama dadake, dadake akamtazama Josepha. "Haya," Shomari akasema. "Kuishi kwingi ni kuona mengi."

Silasi alipoelezwa alicheka mpaka akashika meza. "Nimeishi na mafundi miaka ishirini," akasema, "sijaona fundi anayetengeneza mlango wa nyumbani kwake asioweza kuufungua!" Lakini alitoa mbao za mninga zilizobaki kwenye kazi ya watu, nzuri, nyekundu, zisizo na fundo, na akakataa malipo. Wenceslaus aliufanyia kazi mlango ule jioni nne. Aliupiga randa pande zote mbili, ingawa upande mmoja asingeuona tena. Siku ya kuutia, Flavia aliwekwa upande wa ua, komeo likasukumwa, na Wenceslaus akausukuma kwa bega. Haukutingishika. Akausukuma tena kwa nguvu zake zote. Ng'ambo Flavia alikuwa akicheka, "Baba amefungiwa! Baba amefungiwa!" na Wenceslaus akajipangusa, ameridhika kabisa. Pembeni mwa fremu aliacha ukuta vile vile, umemeguka na fito zinaonekana, kwa kuwa ulikuwa mlango wa muda tu.

Josepha akalifungua sanduku na kuzitoa nguo zote.

Mama Katarina alikuja kwa gari moshi na kuku wawili, chungu, kigoda chake, na mfuko wa unga wa mtama kana kwamba Tabora hakuna chakula. Bi Mwanne ndiye aliyekwenda kumpokea, na kwa kuwa hakumjua, ilibidi Wenceslaus asimame mbali nyuma ya magunia, amegeuka, akisikiliza. Abiria waliteremka, watu wakaitana, na katika kelele zile akaisikia sauti anayoijua ikimgombeza kuku.

"Ndiye huyo," akasema, uso ukiwa bado kwenye magunia. "Anayegomba."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndani ya wiki moja wale wanawake wawili walikuwa kama waliozaliwa pamoja. Mmoja na rozari yake shingoni, mmoja na mkeka wake wa kusalia, walitwanga pamoja, wakapika pamoja, na mama Katarina akaizoea chai ya tangawizi mpaka akawa anaidai. Wenceslaus akirudi jioni alikohoa kichochoroni, na sauti za uani zikashuka. Baadaye komeo likalia, Flavia akaingia na sahani ya ugali, na komeo likalia tena. Ndiyo ilikuwa saa yake nzuri. Alikula akisikiliza kicheko cha mkewe ng'ambo ya ubao, na alijiona mtu mwenye bahati kuliko wote wa mji ule.

Uchungu ulikuja Alhamisi, jua la saa sita. Shomari mwenyewe alikwenda karakana, kofia mkononi, mzee wa watu anakimbia. Hakuwa na haja ya kusema. Wenceslaus alitupa patasi na kutoka.

Alipoingia chumbani mlango ulikuwa umefungwa, na Josepha alikuwa upande wa pili. Alimsikia. Alikaa chini, akasimama, akakaa. Shomari alibaki barazani akivuta tasbihi. Sauti ya Josepha ilipanda, ikapanda tena, kisha ikakatika, na baada yake hakikusikika kitu.

Wenceslaus alikijua kimya kile. Alikisikia Puge. Akaweka viganja viwili kwenye mlango. Alisikia mikono ikipiga kitu chepesi, alisikia maji yakimwagika, alisikia mama Katarina akisema jambo upesi upesi kwa Kinyamwezi. Mlango ule aliutengeneza yeye. Alijua kila msumari wake, alijua kwamba ukipiga teke chini kushoto, pale ambapo ubao unakutana na udongo, fremu nzima ingetoka. Mguu wake ulikwisha kuinuka.

Akaushusha. Alikuwa ametoa neno, na ng'ambo kulikuwa na mtu anayefanya kazi. Akaegemeza paji la uso kwenye mninga, akasali sala zote alizozijua, akizichanganya.

Mtoto akalia.

Akalia kwa hasira, kama aliyedhulumiwa, na akaendelea kulia, na barazani Shomari akapiga kelele, "Alhamdulillahi!" mpaka wacheza bao wa barabara ya pili wakasikia. Wenceslaus aliteleza mpaka chini akiwa ameushika mlango. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Haikuchukua muda komeo likalia. Mlango ukafunguka upana wa bega, si zaidi. Wenceslaus akasimama haraka akageuza uso ukutani, kama inavyopasa. Mikono miwili ikapita, mikono ya kizee, imefunikwa kaniki mpaka kwenye viganja, na juu yake kifurushi chenye joto. Akakipokea akiwa ametazama pembeni.

Mama mkwe hasemi na mkwewe. Lakini hakuna aliyekataza bibi kusema na mjukuu.

"Haya, nenda kwa baba yako," sauti ikasema polepole. "Ni mwanamume. Mwambie kwamba mama yako ni mzima. Mwambie safari hii bibi amewahi."

Mlango ukafungwa. Wenceslaus alibaki amesimama na mwanawe, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba sasa anaweza kutazama.

Mama Katarina alikaa mpaka mtoto akaanza kucheka. Walimbatiza Justus. Halafu mtama wa Goweko ukaiva, na Mzee Ngollo akatuma salamu mbili, ya pili kali kuliko ya kwanza, kwa hiyo mama Katarina akafunga mizigo. Walilia uani, wale wanawake watatu, na Bi Mwanne alilia kuliko wote. Josepha, Mwanne na Flavia wakamsindikiza stesheni kwa njia ya mbele.

Wenceslaus alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikuwa mtu wa neno lake. Alichimba udongo kichochoroni, akaumwagia maji, akaukanyaga pamoja na nyasi mpaka ukalainika vizuri, na akaegemeza fito mpya ukutani. Shomari alikuja kusimama na sindano yake, akatazama. Kazi ilikuwa tayari kuanza, lakini Wenceslaus alikaa kwanza kidogo, mikono imejaa udongo, akiutazama ule mlango wa mninga. Ulikuwa mlango mzuri. Hakuwahi kutengeneza mzuri kama ule.

Ng'ambo miguu midogo ikaja mbio. Komeo likalia. Flavia akatokea, anahema, ametoka stesheni bila kusimama.

"Baba! Bibi ameniambia dirishani, gari lilipokuwa linaondoka. Amesema nikimbie nisisahau njiani."

"Amesema nini?"

Flavia akasimama wima, mikono ubavuni, kama mtu anayesoma katekisimu. "Amesema: mwambie baba yako mlango asiuzibe."

Wenceslaus akamtazama Shomari. Mzee akavuta uzi kwenye kofia, akaukata kwa meno.

"Unanitazama mimi?" akasema. "Komeo liko kwa dada yangu. Mimi lini niliulizwa neno katika nyumba hii?"

Udongo ulikuwa umekwisha kukanyagwa, na udongo uliokanyagwa hautupwi. Wenceslaus akauchota kwa mikono miwili, akapiga magoti, akaanza kusiriba kuzunguka fremu, kwa utulivu, akiziba zile fito zilizokuwa zikionekana. Flavia akaja akashika upande wa chini. Walifanya kazi mpaka akina Josepha waliporudi, na ukuta ulipokauka, ungedhani mlango ule ulijengwa pamoja na nyumba.